Upepo wa kusi unatumalizia wese: droni ya petroli Kimbiji mpaka Rufiji, mnapangaje safari?

KijanaWaKimbiji:
Wakuu habari za mchana. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa droni za mabawa, sio hizi za propela nne za kupigia picha harusini.

Tuna ndege isiyo na rubani inayotumia petroli, ikibeba kamera na wese ina kama kilo 18, tenki lita 3. Kazi yetu ni kupiga picha mikoko ya delta ya Rufiji. Tunarushia upande wa Kimbiji, mpaka tunapoanzia kazi kaskazini ya delta ni kama kilomita 80 kwenda kusini. Vibali vipo kwahiyo naomba tusianzie huko.

Ishu iko hivi. Mwezi wa tatu kaskazi ikiwa inaisha tulikuwa tunakwenda, tunapiga mistari yetu ya picha (njia zilizonyooka tunazopita huku na huku juu ya mikoko), tunarudi na wese linabaki la kutosha. Sasa hivi kusi imekolea, otopailoti (kompyuta inayoiendesha ndege) inasoma upepo mita 11 kwa sekunde kule juu, wakati mwingine 12, na ndege inarudi tenki linanuka tu, mistari tumekata nusu. Na spidi tumeweka ileile ya kubania mafuta, mita 17 kwa sekunde, kitabu cha ndege kinasema hapo ndo injini inakula kidogo kuliko popote. Tulishapima siku zilizotulia: kwenye 17 inakula lita 0.44 kwa saa, kwenye 22 inakula nusu lita, kwenye 26 inakula 0.63.

Mwenzangu anataka tupunguze moto zaidi, tuende 16. Mimi roho inakataa ila sina hoja. Tunaruka mita 120, tunaanza saa nne asubuhi maana timu inatoka mjini na kivuko pale Magogoni mnakijua. Nawasilisha.

mzee_wa_tenki:
Ongezeni tenki, mchezo umeisha 😂

FundiPropela:
@mzee_wa_tenki haijaisha mkuu. Ukiongeza lita 2 umeongeza kilo moja na nusu na tenki lenyewe, ndege ya kilo 18 ikifika 20 inataka spidi kubwa zaidi ili ibaki hewani, na spidi kubwa inataka wese. Unapata masafa ndio lakini sio yote uliyoyalipia, na kuipaisha kwa manati inakuwa kazi nyingine. Hapa tatizo sio tenki, ni hiyo 17.

HesabuTu:
Fundi kagusa penyewe. Kaka, hiyo 17 ni spidi ya kukaa hewani muda mrefu, yaani lita chache kwa SAA. Ukiwa unazunguka juu ya sehemu moja unasubiri kitu hiyo ndo yako. Lakini wewe hulipwi kwa masaa, unataka kufika delta, kwahiyo hesabu yako ni lita kwa KILOMITA YA ARDHINI, na hapo upepo unaingia na kila kitu kinageuka.

Tuchukue namba zako mwenyewe. Upepo 11 unakupiga usoni, kilomita 80.

Ukienda 17: toa upepo 11, ardhini unasogea mita 6 tu kwa sekunde, ambazo ni kilomita 21.6 kwa saa, baiskeli inakupita. Unatumia saa 3 na dakika 42, wese lita 1.63.

Ukienda 22: ardhini 11, kilomita 39.6 kwa saa, saa 2 na dakika moja, lita 1.01.

Ukienda 26: ardhini 15, kilomita 54 kwa saa, saa 1 na dakika 29, lita 0.93.

Umeona? Injini inakula zaidi kila saa lakini masaa yamepungua kuliko ulaji ulivyopanda. Ile ya "kubania" inakula karibu mara mbili ya ile ya "kufuja". Unapojikokota 17 ni kama daladala kwenye foleni ya Mbagala, injini inanguruma, mafuta yanaisha, kituo hakisogei. Na huyo mwenzako anayetaka 16 mwambie ardhini zitabaki 5.

Kurudi sasa, upepo mgongoni. Ukirudi na 22 unatumia lita 0.34, dakika 40. Ukipunguza ukaja na 20 unatumia 0.33. Ukija na 17 unatumia 0.35. Yaani upepo ukikusukuma hata ukosee spidi hasara yake ni kijiko kimoja viwili. Pesa yote iko kwenye kwenda.

Kanuni ya kukaa nayo kichwani, kwa ndege ambayo spidi yake ya masafa marefu bila upepo ni 22: upepo wa usoni ukiwa nusu ya hiyo spidi ongeza asilimia 20 hivi, ukiwa asilimia 30 yake ongeza 10, ukiwa mgongoni punguza kidogo, 8 au 9, halafu uishie hapo, usiikaribie spidi ya kuanguka, ile ambayo chini yake mabawa hayaibebi tena ndege.

KijanaWaKimbiji:
Aisee. @HesabuTu hapo umenimaliza. Yaani kwa 17 kwenda na kurudi ni karibu lita 2 kwenye tenki la 3, na kwa 26 kwenda na 20 kurudi ni lita 1.26? Hiyo tofauti ya lita 0.7 ndo mistari yangu yote iliyokatwa.

Ila kuna kitu bado kinanisumbua. Si upepo unaokupinga kwenda ndo huohuo unaokusukuma kurudi? Wenzangu ofisini wanasema zinafutana.

HesabuTu:
Hazifutani hata siku moja, na hili linawakuta wengi. Upepo mbaya unakaa nao muda mrefu, upepo mzuri unakaa nao muda mfupi. Spidi 22 kwenda na kurudi bila upepo ni lita 1.01 jumla. Upepo 11, spidi ileile, ni 1.35. Theluthi nzima imeliwa na upepo "unaofutana". Na upepo ukipanda mpaka ukalingana na spidi ya ndege, kurudi kwako hakuna maana tena, kwenda tu hufiki.

Ndo maana wenye droni za polepole wanaogopa upepo kuliko wenye ndege kubwa. Boeing inakwenda kilomita 800 na ushee kwa saa, upepo wa 40 kwake ni asilimia 5. Kwako wewe 40 ni nusu.

BintiRamani:
Habari zenu. Mimi niko upande wa ramani sio injini, ila nimeona hamjagusa mistari yenyewe ya picha na hapo pia kuna wese linamwagika.

Kaka @KijanaWaKimbiji mistari yako umeilaza vipi? Kama umeilaza kaskazini-kusini kufuata delta, basi kila mstari wa kwenda unapambana na kusi usoni na kila wa kurudi unasukumwa. Kwa kilomita 100 za mistari na spidi ya 22 bila upepo ni dakika 76. Ukipanga usoni-mgongoni kwenye upepo wa 11 ni dakika 101. Ukiilaza ubavu kwa upepo, yaani upepo unakupiga kiunoni kwenda na kurudi, ni dakika 87 na kidogo. Wese ni hivyohivyo maana spidi ya hewani haijabadilika.

Na picha zinakuwa nzuri zaidi. Ukisukumwa na upepo ardhini unapita mita 33 kwa sekunde, kamera haiwahi, picha zinaachana au zinatoka na ukungu, halafu mstari unaofuata unapita 11 unapata picha tatu za mti mmoja. Ukiwa ubavu spidi ya ardhini ni moja kwenda na kurudi, kama 19.

Tatizo la ubavu: ndege inaruka imekaa upande, pua inaangalia upepo. Kwa upepo wa nusu ya spidi yako pua inageuka digrii 30. Picha zote zinatoka zimepinda kuhusu mstari, kwahiyo upana unaofunikwa unapungua, ongeza mfuniko wa pembeni kidogo (picha za mistari jirani zipandane zaidi) au ufunge kamera kwenye kikalio kinachozunguka. Na anzia mstari wa mwisho kabisa upande upepo unakoelekea, ndege ipande kuja upande upepo unakotoka, zile kona zinakuwa fupi maana ukigeukia upepo haukupeperushi mbali.

Wale waliopiga ramani ya Zanzibar nzima kuanzia 2016 walitumia eBee, ile ya povu ya betri, na ile kiwandani wameandika mwisho wa upepo mita 12 kwa sekunde. Yako ya petroli ina nguvu kuliko hiyo ila usijione sana.

Nahodha_Mstaafu:
Vijana wangu, mimi nimeendesha majahazi na boti za mizigo Dar, Mafia, Kilwa. Mambo ya injini za ndege siyajui, upepo naujua.

Kwanza mnaanza saa nne asubuhi mwezi wa saba! Saa nne jua limeshapasha nchi kavu, bahari inaanza kuvuta, kusi inajumlishiwa na upepo wa mchana wa kutoka baharini, na mchana kutwa unapanda mpaka alasiri. Alfajiri ndo wakati. Kabla ya jua kuna umande, ule upepo mwepesi wa kutoka bara, unaipunguza makali kusi pale ukingoni. Wavuvi wetu wa Kimbiji wanalijua hilo kabla baba zenu hawajazaliwa.

Pili, kusi kwenu ni neema mkijua kuitumia. Mnakwenda kusini na upepo unatoka kusini. Mkienda alfajiri mnapanda upepo ukiwa umepoa, mkirudi saa tano saa sita upepo umepanda unawaleta nyumbani. Na injini ikiwasumbua njiani upepo unawaleta mlikotoka. Kaskazi ndo itawapa shida, Disemba mpaka Machi, mtakwenda mnasukumwa mnacheka halafu mnarudi mchana kaskazi imekolea usoni. Nyinyi mliona Machi rahisi kwa sababu ilikuwa inaisha. Na tangambili msiisahau, pale pepo zinapobadilishana, Novemba hivi na tena Machi kwenda Aprili, siku nyingi bahari ni shwari ila Aprili ndo mvua za masika.

Tatu nawauliza, kwanini ndege isipige bisho kama jahazi? Unakwenda pembeni, unageuza, unakwenda pembeni tena, upepo haukupigi usoni moja kwa moja.

KijanaWaKimbiji:
Shikamoo mzee. Hii ya alfajiri tulikuwa tunaiwaza kwa ajili ya mwanga wa picha tu, kumbe.

Nahodha_Mstaafu:
Marahaba.

HesabuTu:
Shikamoo mzee Nahodha. Hapo kwenye saa umetoa dawa kuliko hesabu zangu zote. Nimepiga haraka: kama alfajiri upepo kule juu ni 7 badala ya 11, ukienda na spidi 24 hivi, kilomita 80 zinakula lita 0.72 badala ya 0.93. Hiyo ni kuamka mapema tu, hujanunua kitu.

Tahadhari moja lakini. Ufukweni alfajiri kunaweza kutulia kabisa bendera imelala huku mita 120 juu upepo uko vilevile, usiku hewa ya chini inajitenga na ya juu. Kwahiyo msipime kwa kuangalia minazi, pandisheni ndege kwanza, ipige duara, isome.

Kuhusu bisho mzee, jahazi linapiga bisho kwa sababu tanga haliwezi kulisukuma moja kwa moja kwenye jicho la upepo. Ndege ina propela, inaweza. Ukiipeleka pembeni umeongeza njia tu. Upepo ukiwa mmoja eneo zima, njia bora ni mstari ulionyooka ardhini, pua umeielekeza upande wa upepo kiasi cha kufuta msukumo, basi. Ila upepo ukiwa TOFAUTI sehemu na sehemu, hapo kupinda kunaweza kulipa. Kuna mwanahisabati Mjerumani, Ernst Zermelo, mwaka 1931 aliandika hesabu ya hilohilo, chombo chenye spidi isiyobadilika kwenye upepo unaobadilika kielekeze pua wapi ili kifike mapema. Mpaka leo programu za kupanga njia zinaanzia pale. Kwa lugha ya kwetu: ukipanda upepo tafuta sehemu upepo ulipo dhaifu hata kama unazunguka kidogo, ukishuka nao tafuta ulipo mkali.

Kwa njia yenu hiyo inamaanisha vitu viwili. Kwenda, shikeni upande wa nchi kavu nyuma ya ukingo badala ya kukaa nje baharini ambako upepo haujazuiwa na kitu, alimradi kibali na makazi ya watu vinaruhusu. Na kwenda ruka chini, kurudi ruka juu. Karibu na ardhi upepo unakwaruzwa na miti na mawimbi unapungua. Mita 120 ikiwa ni 11, mita 60 juu ya maji tegemea kama 10. Sio muujiza, inaokoa kama asilimia 6 ya wese la kwenda, ila ni ya bure. Juu ya miti inapungua zaidi lakini kuna mtikisiko, sikushauri kushuka sana kwa ajili ya vijiko viwili vya petroli.

mzee_wa_tenki:
Nasoma kimyakimya hapa, naomba nifute ile ya tenki 😂 Swali, kama upepo wa mgongoni ni mtamu hivyo mbona wasiruke tu upande mmoja, gari iifuate huko Rufiji?

FundiPropela:
Sio utani huo, watu wamefanya. Agosti 1998 kuna droni ya Aerosonde inaitwa Laima ilivuka Atlantiki kutoka Newfoundland, Canada mpaka Scotland, kilomita 3,270 kwa saa 26 na dakika 45, na wese haikumaliza hata lita 6. Ndege ya kilo 13 na ushee! Angalia upande iliorushiwa: magharibi kwenda mashariki, pepo za huko zinavuma hivyo. Hesabu inakuja wastani wa kilomita 122 kwa saa ardhini, sehemu ya hiyo ni zawadi ya upepo. Ingerushwa kutoka Scotland tungekuwa hatuisimulii.

Kwa hawa vijana kutua upande wa pili inataka gari, barabara za delta wakati wa mvua mnazijua, na watu wawili wa kulala huko. Kwa kusi wanaweza kugeuza: wese na ndege zipelekwe Rufiji kwa gari, irushwe kule ije Kimbiji. Siku upepo umefika 15 mimi ningefanya hivyo au nisingeruka kabisa. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, hiyo 40 ndo 11 yenu hiyohiyo, na wao wanaongelea upepo wa chini. Juu ni zaidi.

Swali langu, hiyo 11 otopailoti inaitoa wapi? Mna sensa ya spidi ya hewani au inakisia?

KijanaWaKimbiji:
Sensa ipo, kale kabomba kwenye bawa. Ila siku mbili hizi inasoma spidi kubwa kuliko ninavyoona ndege inavyokwenda, sijui niiamini.

FundiPropela:
Usiiamini mpaka uipime. Pandisha ndege, iache ipige duara kubwa kwa spidi moja, halafu chukua spidi ya GPS iliyokuwa kubwa kuliko zote na iliyokuwa ndogo kuliko zote. Jumlisha gawa kwa mbili, hiyo ndo spidi yako halisi ya hewani. Toa gawa kwa mbili, hiyo ndo upepo. Mfano kwa kilomita kwa saa, kubwa 118 ndogo 40: hewani 79, upepo 39. Sensa ikikwambia 90 hapo inakudanganya, ujue unaruka polepole kuliko unavyodhani na hesabu zote za HesabuTu zinaharibika, mbaya zaidi uko karibu na kuanguka bila kujua.

Na kabla hujafungua kitu chochote cha umeme chungulia hako kabomba kwanza. Pwani hii chumvi inaganda mle ndani, na dondora wanapenda sana vitundu vya saizi ile, wanajaza udongo usiku mmoja tu. Kivishe soksi kikiwa stoo.

Kingine, programu ya kupanga safari usiiwekee spidi ya ARDHINI isiyobadilika. Kuna watu wanafanya hivyo ili picha zitoke sawa. Upepo ukiwa mgongoni otopailoti itapunguza moto ili ibaki kwenye namba uliyompa, ndege inakosa hewa kwenye mabawa, kwaheri. Weka spidi ya hewani, moja ya kwenda na moja ya kurudi.

KijanaWaKimbiji:
Sawa wakuu, nimeandika yote. Mpango: tunalala Kimbiji, tunarusha saa 12 kasorobo asubuhi, duara la kupimia kwanza, kwenda mita 60 na spidi kati ya 24 na 26 kutegemea duara linasemaje, mistari ubavu kwa upepo tukianzia upande upepo unakoelekea, kurudi mita 120 na spidi 20. Je point ya kugeuza lazima niiweke lita ngapi? Zamani tulikuwa tunageuza ikifika nusu tenki.

HesabuTu:
Nusu tenki ni kanuni ya siku isiyo na upepo. Kwa kusi kurudi kunahitaji lita 0.34 tu, hata ukiweka akiba ya nusu lita unageuza ikibaki 0.85. Kwahiyo una karibu lita nzima na nusu ya mistari baada ya kufika. Kaskazi ikiingia hiyo namba inapinduka, kurudi peke yake kutataka karibu lita moja, na akiba iwe kubwa zaidi maana upepo ukiongezeka wakati uko mbali kila nyongeza inakuumiza zaidi ya iliyopita: kutoka 11 kwenda 13, kwa spidi ya 22, kilomita 80 zinapanda kutoka lita 1.01 kwenda 1.23. Kila safari ipigie hesabu yake asubuhi ileile, baada ya duara.

BintiRamani:
Saa 12 kasorobo jua bado halijachomoza kaka, mwanga wa picha haupo. Ila ukifika delta itakuwa saa moja na nusu hivi, hapo mwanga unaanza kukubali. Angalia na jedwali la maji, piga maji yakiwa yamekupwa, yakijaa huoni mizizi wala matope na ramani ya mikoko inatoka pungufu.

Nahodha_Mstaafu:
Maji makuu ya bamvu Dar yanajaa saa kumi kwenda saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na kupwa ni saa nne kwenda saa tano asubuhi. Chagueni siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, mtafika yakiwa yanatoka.